Kiti cha Lori Kwenye Mpando wa Toba

Kwenye mgongo wa mlima ambao hata baiskeli haijawahi kuupanda, kuna kiti cha lori. Si jiwe lililofanana na kiti. Ni kiti chenyewe, kile kirefu cha upande wa utingo, chenye ngozi ya bandia nyekundu iliyoshonwa kwa uzi mweupe, na ubavuni mwake kimesimama kishikio cha chuma kama mkono wa mtu anayetaka kukuinua. Mvua inakipiga, jua linakikausha, ndege wanakichafua. Na kila msimu hupita mtu mwenye mzigo mgongoni, akakizunguka mara mbili, kisha akauliza swali lile lile: lori lenyewe liko wapi?

Naapa kwa goti langu la kushoto, ambalo katika mwili huu mzima ndilo kiungo pekee ambacho hakijawahi kunidanganya, kwamba nitakayoyasema hapa ni kweli tupu, haina maji wala chumvi. Wanaonijua watacheka. Waache wacheke, meno ni yao.

Nilikuwa dereva mpaka mvi ziliponiomba nipumzike. Siku nilipostaafu, lori langu nalo likastaafu. Lilikatwakatwa likauzwa kama chuma chakavu. Nikaenda kwenye uwanja wa vyuma kama mtu anayekwenda kumtambua marehemu wake, nikatoka na kiti. Nilikiweka barazani kwangu. Hapo ndipo nilipokusudia kuumalizia uzee: nimekaa, natazama barabara, nawasimulia majirani jinsi nilivyowahi kuvuka nchi nzima kinyumenyume kwa sababu gia zote zilikufa njiani ikabaki ya rivasi. Hiyo nayo ni kweli, lakini si ya leo.

Mke wangu alivumilia msimu mmoja. Alikuwa muuguzi, naye alizoea watu wanaopona wakaondoka. Asubuhi moja akasimama mbele yangu na ndoo ya rangi mkononi.

"Baba watoto," akasema, "mwanamume mstaafu ni kama kabati lililowekwa katikati ya sebule. Si baya, lakini kila anayepita analigonga. Inuka, twende njiani."

Njia aliyoisema ni ile ndefu ya miguu, inayoanzia mbali kwenye nchi tambarare na kuishia ziwani. Mwenye miguu mizuri huimaliza kabla kuku hajatamia mara tatu. Mwenye miguu ya kawaida huimaliza akiwa mtu mwingine. Wakubwa waliichora kwenye ramani, wakapigiana makofi, wakaondoka. Lakini majani hayasomi ramani. Yaliota, mvua ikachimba, miti ikaanguka, na njia ingekuwa imezikwa siku nyingi kama si watu wa kila kipande kujitokeza, wakakifanya kile kipande kuwa chao. Hakuna aliyewatuma. Hakuna aliyewalipa. Kipande chetu kilikuwa kuanzia mtoni, kupita kibanda cha wasafiri kilichopo kando ya barabara, mpaka kileleni mwa Mpando wa Toba, ulioitwa hivyo kwa sababu kila anayeupanda hukumbuka dhambi zake zote, hata za utotoni.

Mkuu wetu alikuwa fundi cherehani. Duka lake lilitazamana na kibanda, na mkasi ulining'inia shingoni mwake mchana kutwa, tukamwita Bi Mkasi. Alikata nguo na maneno kwa kipimo kimoja. Alikuwapo pia kijana mmoja mchomeleaji wa mageti, mtu wa miraba minne, ambaye alizoea sana kukaa nyuma ya kile kinyago cha kuzuia cheche hata akasahau kuwa uso wake una mdomo. Mke wangu alikuwa mpakaji wa alama: doa la manjano kwenye mti, doa la manjano kwenye jiwe, mkono wake haukutetemeka, kama anayetafuta mshipa wa mgonjwa. Na mimi, wa mwisho kuja, nilipewa fyekeo.

Niseme jambo moja kuhusu watu hawa kabla sijaanza mizaha. Nimeendesha lori miaka mingi kwenye barabara zilizojengwa kwa fedha nyingi na hotuba nyingi zaidi, lakini sijawahi kuona watu wanaoipenda njia kama wao. Bi Mkasi alikuwa akifunga duka siku ya wateja ili akafukie shimo ambalo yeye mwenyewe hatalipita. Mchomeleaji aling'oa mzizi mmoja kwa muda wa asubuhi nzima, akaufukia, akapiga udongo kwa kiganja, hata usingejua kwamba palikuwa na mzizi. Ndiyo kazi yenyewe. Hakuna anayeshukuru jiwe ambalo hakujikwaa nalo.

Basi walikuwa na desturi. Niliikuta, lakini nakiri ilinenepa kwa sababu yangu. Kwenye kazi ya njia, chumvi ni hatari. Ukimwambia mtu maji yako karibu na kumbe yako mbali, umemuua nusu. Kwa hiyo atakayekamatwa ametia chumvi, atashuka mtoni, atachagua jiwe bapa, atalibeba mpaka kwenye Mpando na kulilaza liwe ngazi. Kulikuwa na sharti moja tu: mwongo hakamatwi mbele ya mpita njia, kwa sababu mgeni hapaswi kuanza kuwatilia shaka wenyeji wake. Atasubiriwa mgeni aondoke.

Kabla sijaja, Mpando ulikuwa na vijiwe vichache chini pale. Baada ya msimu wangu wa kwanza ulikuwa na ngazi ambazo mkwe angezipanda bila kushika nguo. Chui niliyemfukuza kwa kofia: jiwe. Samaki wa mtoni aliyenisalimia: jiwe. Bi Mkasi aliwahi kusimama chini pale, akatazama juu, akasema, "Nusu ya ngazi hii ni uongo wa mzee mmoja, na haijawahi kumwangusha mtu."

Lakini ngazi ziliishia mahali. Juu yake ulibaki mlima mtupu: majani mafupi, changarawe inayoteleza, pasipo mti, pasipo kisiki, pasipo hata mwamba wa kuegemea.

Ndipo siku moja, jua la mchana likiwa limesimama kichwani, akaja yule mama.

Alikuwa na buti mguu wa kulia na kandambili mguu wa kushoto. Buti la kushoto alilining'iniza kwenye mzigo wake wa buluu, na soli yake ameishika mkononi, kama mtu anayetoka sokoni na samaki mmoja. Mguu ule wa kandambili ulikuwa unachelewa. Mwili ulitangulia, mguu ukafuata, kama mtoto anayevutwa kwenda kunyolewa.

"Hodi wenyewe," akasema. "Nimekuja na maiti ya kiatu."

"Karibu, dada. Lete marehemu," Bi Mkasi akamjibu, na kabla mgeni hajakaa alikuwa ameshalipindua lile buti, amelinusa, amelivuta. "Huyu hajafa. Amezimia. Nitamshona na kumtia gundi, lakini alale mpaka asubuhi."

Mimi nilimtilia chai. Akakaa kwenye ubao uliokuwa barazani pa kibanda, nami nikamsikiliza, jambo ambalo mke wangu anasema silijui. Alikuwa mpishi wa shule ya bweni. Kiharusi kilimkuta jikoni, mwiko mkononi, sufuria la watoto mia likichemka. Alisema jambo la mwisho alilolifikiria kabla ya kuanguka ni kwamba maharage yataungua. Alipotoka hospitali, mwanawe alimchukua kwake. Mtoto mwema. Alimwekea kiti kizuri dirishani, na mtu wa kumhudumia, na kengele ya kubonyeza.

"Walinipenda, kaka," akaniambia, "mpaka nikakosa hewa."

Basi asubuhi moja akawaaga kwamba anakwenda kumtembelea dada yake, akashuka mahali njia inapoanzia. Alikuwa ametembea tangu nchi tambarare, polepole, akilala kwenye vibanda vya watu kama sisi. Mwanawe alipojua alipiga simu kila siku. Na siku hiyo, soli ilipong'oka kule mtoni, yeye mwenyewe ndiye aliyempigia.

"Nimemwambia aje. Kesho mchana atakuwa hapa na gari." Alinywa chai kidogo. Kisha akaugeukia mlima. "Kaka, niambie kweli. Huko juu kuna pa kukaa?"

"Pa kukaa?"

"Nikikaa chini, siinuki. Mguu huu hauniinui. Huko nyuma nimekalia visiki, nimekalia kingo za madaraja, nimekalia mtumbwi wa mtu uliopinduliwa. Huu mlima nimeutazama tangu mtoni, sioni kitu. Kwa pumzi moja siumalizi. Kama kuna pa kukaa katikati, kesho alfajiri napanda. Kama hapana, nitamngoja mwanangu. Na nikiingia kwenye lile gari," akaitazama kandambili yake, "sitoki tena."

Ilinipasa kusema hapana. Neno fupi, halina hata jasho. Lakini ulimi wangu ni lori lililopakia na kushuka mlima; likishaanza, breki ni dua tu.

"Pa kukaa! Dada yangu, lipo benchi. La mbao za mninga, lina hata egemeo. Lina mahali pa kuwekea mkono. Ukikaa pale unaliona ziwa lenyewe, mwisho wa njia, linameremeta kama sinia."

Uso wake ulifunguka kama dirisha. Na nyuma yake, mlangoni pa kibanda, nikamwona Bi Mkasi amesimama na buti mkononi na shazia mdomoni, ile sindano kubwa ya kushonea magunia.

"Kweli, fundi?" mgeni akamgeukia. "Benchi lipo?"

Bi Mkasi aliitoa ile sindano mdomoni taratibu. Sharti ni sharti. "Lipo," akasema. "Ila linahitaji kukazwa. Mzee, hebu njoo huku nyuma nikuonyeshe misumari."

Huko nyuma hapakuwa na misumari. Alinishika ukosi wa shati mbele ya mke wangu na mchomeleaji.

"La mninga?"

"Lilikuja lenyewe."

"Na lina hata egemeo!"

"Ukidanganya, danganya kwa ukamilifu," nikajaribu kucheka. Hakuna aliyecheka.

Mke wangu aliweka chini ndoo yake ya rangi. "Unajua maana yake?" akaniambia, na hakuwa akiongea kama mke. "Atafika katikati, atatafuta benchi, atakosa. Miguu itaisha. Atakaa chini. Na akishakaa chini, ataomba msaada kwa nani, kwa panzi? Mtu aliyepigwa kiharusi haahidiwi kiti ambacho hakipo. Nenda kamwambie."

Nilikwenda. Nilifika mpaka kwenye kona ya ukuta, nikasimama, kwa sababu nilimwona. Alidhani yuko peke yake. Alikuwa ameshika nguzo ya baraza, anakaa kwenye ubao, anainuka. Anakaa, anainuka. Kila akiinuka uso ulijikunja, kisha ukatulia, na midomo ilikuwa ikisema kitu, sijui hesabu, sijui sala. Anajifunza kuinuka kutoka kwenye benchi langu.

Wenzangu walikuwa wamenifuata, nao wakamwona. Tulisimama pale sote wanne kama watu waliochungulia mahali pasipowahusu. Ndipo mchomeleaji, ambaye tangu nimjue hajawahi kuanza mazungumzo, akakohoa.

"Mzee," akaninong'oneza. "Kile kiti chako cha barazani. Kina uzito gani?"

"Kile? Kile si benchi."

"Kinakalika," akasema.

Kiti kile kilikuwa kimejifinyanga kwa umbo la watu wangu wa miaka yote: mautingo waliolala humo, akina mama niliowapa lifti na kuku wao, mke wangu siku nilipomchukua kwao na sanduku moja. Mke wangu alinitazama, na safari hii alikuwa mke.

"Haya," nikasema.

"Alhamdulillahi," akajibu. "Kabati linatoka sebuleni."

Nikakibeba. Peke yangu, kichwani, kutoka nyumbani kwangu, kupita kibanda kwa nyuma ili mgeni asituone, kisha ngazi zangu zote za uongo, kisha changarawe. Wenzangu walinifuata na nyundo na kishikio cha kuinukia na vyuma vya kupigilia, wakinisihi nipumzike. Nikawaambia dereva hapumziki mzigo ukiwa juu. Jua lilikuwa bado lina nguvu nilipofika katikati. Nikapakagua pale mahali kwa jicho la mtu aliyeegesha magari maisha yake yote, nikachagua: pametulia, upepo unakuja mgongoni, mlima wote umejipanga mbele. Nikakitua. Mchomeleaji akakipigilia ardhini kwa vyuma virefu hata ng'ombe asingekitikisa, akakifunga kishikio upande wa kushoto. Bi Mkasi akaona ngozi imepasuka mahali pawili; akapiga magoti kwenye majani, akaishona kwa uzi uliobaki.

Alfajiri mgeni wetu alivaa buti lake lililofufuka, akatushukuru, akaanza.

Hatukuweza kubaki chini. Tulichukua mafyekeo tukajifanya tuna kazi, na siku ile majani yalifyekwa hata mahali ambapo hayakuwahi kuota. Akipanda kidogo, tunafyeka kidogo. Kwenye ngazi alikwenda vizuri, jiwe kwa jiwe, na nilihisi kila uongo wangu ukimpokea na kumpisha. Kwenye changarawe akaanza kuchoka. Mguu ulichelewa zaidi. Mara moja ukateleza, na fyekeo la mke wangu likaganda hewani. Hakukimbilia. Aliniambia baadaye kwamba kazi ngumu kuliko zote za uuguzi ni kuiweka mikono mfukoni.

Alikiona kiti alipomaliza kona. Alisimama. Akakitazama. Kisha akaenda mpaka pale, akageuka, akakaa, akafumba macho. Tulimwacha mpaka pumzi yake ikarudi, ndipo nikajisogeza, fyekeo begani, kama mtu anayepita tu.

"Kaka," akasema bila kufumbua macho.

"Naam, dada."

"Mninga wa huku ni mwekundu sana."

"Ukipigwa na mvua, dada, hubadilika."

"Na hubonyea."

"Ukiwa mkavu sana."

Akafumbua macho. "Na ziwa?"

"Liko nyuma ya ukungu."

"Ukungu hakuna."

"Basi liko nyuma ya kile kilima."

Alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha mkono wake ukateleza kwenye ngozi ya kiti, ukafika kwenye ule mshono mweupe, ukasimama. Akautazama. Akautazama mshono wa buti lake. Uzi mmoja, mkono mmoja, mishono midogo inayofanana kama punje za mahindi. Kicheko kikaisha polepole. Akageuza kichwa akatuona wote: Bi Mkasi na mkasi wake, mchomeleaji anayetazama viatu vyake, mke wangu na mikono yake mfukoni. Hakusema asante. Nadhani alijua kwamba asante ingekuwa ndogo, ingetuaibisha.

Alikishika kishikio, akavuta pumzi, akainuka.

Mwanawe alifika mchana, kama alivyoahidi, kwenye gari safi lisilozoea vumbi. Alikuwa na viatu vya ofisini vyenye ncha.

"Shikamooni. Mama yangu yuko wapi?"

Bi Mkasi alinyoosha mkasi kuelekea mlimani.

"Mmemwacha apande? Mgonjwa yule? Mmemwacha?"

"Hatukumwacha," Bi Mkasi akasema. "Tumemshonea kiatu."

Kijana hakusubiri zaidi. Aliparamia mlima na viatu vile, tai ikiruka begani. Nikamfuata, mwendo wangu wa mzee. Nilipomfikia alikuwa amejitupa kwenye kiti, mdomo wazi, rangi imemtoka, nami nikakaa pembeni yake kwa kuwa kiti ni cha watu wawili. Hakuwa na pumzi ya kunigombeza. Na ndipo akaona. Ng'ambo ya bonde, kwenye mgongo wa kilima cha pili, kulikuwa na nukta ya buluu. Ilisogea. Ikasimama. Ikasogea.

"Yule ni mama?"

"Ndiye."

Alitazama kwa muda mrefu, akaegemea mbele, kana kwamba nukta ile ikiteleza anaweza kuidaka kutoka pale.

"Nyumbani," akasema mwishowe, "hatumruhusu hata kushuka ngazi ya mlangoni peke yake."

Sikuwa na la kusema. Naomba jambo hilo liandikwe mahali.

"Mzee, barabara inakutana tena na njia wapi?"

Nilijua anataka kumkata mbele. Nilikuwa na barabara tatu za uongo tayari mdomoni, moja ikiwa na daraja lililovunjika. Kijana akainama, akafungua kamba za viatu vyake, akaimwaga changarawe iliyoingia.

"Huko mbele ni baridi," akasema. "Hajachukua soksi nzito. Nimemletea, ziko kwenye gari."

Nikamwambia ukweli. Ulinitoka kwa shida, kama jino.

Habari za njia husafiri kwa miguu, kwa hiyo zilichelewa. Zililetwa na mpita njia aliyekuwa akitembea kinyume, kutoka ziwani kurudi. Alisema watu wa kipande cha mwisho bado wanasimulia kuhusu mama mmoja aliyefika akiburuta mguu, kiatu chake kikiwa na mshono mweupe, na pembeni yake kijana aliyekuwa amevaa viatu vya ofisini, vimekwisha kabisa, vidole nje.

Hapo ndipo nilipotaka kuishia. Niliandika yote haya mezani kwangu, na kwa kuwa barazani sina tena pa kukaa, nilikwenda kuwasomea wenzangu kwenye baraza la kibanda. Walisikiliza vizuri. Bi Mkasi alipenga kamasi mahali pa soksi. Nilipomaliza, mke wangu akaomba karatasi, akavaa miwani, akarudi nyuma, akaweka kidole.

"'Peke yangu,'" akasoma. "'Kichwani.'"

Mchomeleaji akaanza kutikisika mabega.

"Baba watoto, kiti alikibeba nani?"

"Kwa maana pana ya neno kubeba..."

"Kilibebwa na sisi watatu," Bi Mkasi akasema. "Mimi mbele, mkeo kushoto, huyu nyuma. Wewe ulibeba kishikio na maneno. Na baada ya ngazi?"

Nikatazama mlima.

"Baada ya ngazi goti lilikataa," mke wangu akaendelea, kama anayetoa taarifa ya wodi. "Ukakaa chini kwenye changarawe. Ukashindwa kuinuka. Tukakuinua. Tukakuweka wapi?"

Mchomeleaji ndiye aliyejibu, kwa sauti aliyoiweka akiba miaka yote. "Kitini!" akapasuka. "Tukambeba na kiti! Anatupungia mkono kama sultani! Anatuambia punguza mwendo kwenye kona!"

"Na kuhusu pale mahali ulipopachagua kwa jicho la dereva," Bi Mkasi akasema, akifuta macho, "hakuna aliyepachagua. Pale ndipo tulipocheka mpaka mikono ikalegea. Tulikitua kwa sababu tulikuwa tunakuangusha."

Ni kweli. Upepo kuja mgongoni ilikuwa bahati.

"Na umeapa kwa goti," mke wangu akasema, akakunja karatasi. "Goti lile lile!"

"Jiwe," Bi Mkasi akatangaza.

Nikakumbuka sharti, nikasimama nalo kama wakili. "Haiwezekani! Mwongo hakamatwi mbele ya mpita njia, na hapa kuna msomaji!"

Alifikiri kidogo, akiuchezea mkasi. "Msomaji amekaa," akasema. "Mpita njia anatembea. Jiwe."

Hukumu ikapita. Mke wangu alinisindikiza mpaka mtoni, akanichagulia kijiwe kidogo cha huruma, cha kutosha kiganjani, kwa ajili ya lile goti. Nikakirudisha majini. Nikachukua bapa moja pana, zito, la kukanyagwa na mtu anayeburuta mguu, nikalibeba mpaka pale ngazi zinapoishia, nikalilaza, nikapiga udongo kwa kiganja hadi likatulia. Nililibeba mwenyewe, peke yangu, bila kupumzika hata mara moja. Muulizeni mke wangu.

Au basi, msimuulize.